Kenya: Mpira wa breki wa gari la kale huzeeka kwa ndani

Peugeot 504, Datsun, Land Rover na Volkswagen zilizotengenezwa zaidi ya miaka 40 iliyopita bado zinatembea katika barabara za Kenya. Nyingine hubeba mizigo ya sokoni. Nyingine hutunzwa kwa upendo, hutolewa nje siku za Jumapili, hupelekwa kwenye maonyesho ya magari ya kale jijini Nairobi au kuandaliwa kwa mbio za East African Safari Classic. Wenye magari hayo hugharamia rangi, viti na injini bila kunung'unika. Lakini kipo kipande kimoja kinachobeba uhai wa abiria ambacho hakuna anayekiona mpaka gari liinuliwe, nacho ni mpira wa breki.

Mpira huo ni bomba fupi linalonyumbulika, aghalabu lenye urefu usiofika nusu mita, linalounganisha bomba la chuma lililofungwa kwenye bodi la gari na breki ya gurudumu. Bomba la chuma haliwezi kufika lenyewe hadi kwenye gurudumu, kwa sababu gurudumu hupanda na kushuka pamoja na springi, na yale ya mbele hugeuka kila usukani unapozungushwa. Lingepinda mara kadhaa na kukatika. Kwa hiyo hatua ya mwisho ya safari ya mafuta ya breki huachiwa mpira, na mpira, tofauti na injini, huzeeka hata gari likiwa limelala gereji.

Hapo ndipo wamiliki wengi wanapokosea hesabu. Gari lililotembea kilomita chache kwa mwaka hudhaniwa kuwa halijachakaa. Kwa upande wa pistoni na gia huenda ni kweli. Kwa upande wa mpira wa breki, gari linalokaa miezi sita bila kuendeshwa laweza kuwa hatari kuliko teksi inayozunguka mjini kutwa, kwa kuwa teksi hukaguliwa na fundi mara kwa mara, ilhali gari la kale hufutwa vumbi tu na kurudishiwa turubai lake. Vitabu vya matunzo vya baadhi ya magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960 viliagiza mipira ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka mitatu. Leo si ajabu kukuta gari la wakati huo likiwa na mipira iliyofungwa miongo miwili iliyopita, nayo yaonekana mizima.

Miteremko inayopima breki

Barabara ya zamani ya kutoka Nairobi kwenda Naivasha kupitia Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, huteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona zinazofuatana. Dereva anayeshuka huko kwa gia kubwa, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, hugeuza uzito mzima wa gari kuwa joto kwenye diski na drumu. Joto hilo huingia kwenye mafuta ya breki na kwenye mipira. Tanzania inayo miteremko ya namna hiyo Kitonga na Sekenke, na wanaosafiri kutoka Bugarama kushuka Bujumbura hawahitaji kuelezwa.

Katika magari mengi yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, breki za magurudumu yote manne hutegemea mfumo mmoja wa mafuta. Mpira mmoja ukipasuka, mafuta humwagika, pedali huzama hadi chini, na hakuna gurudumu hata moja linalobaki na breki. Dereva hubakiwa na breki ya mkono na gia. Marekani ilianza kulazimisha magari mapya ya abiria kuwa na mfumo uliogawanywa sehemu mbili mwaka 1968, ili sehemu moja ikifa nyingine ibaki. Mmiliki wa gari la zamani zaidi anapaswa kujua lake ni la aina gani kabla ya kuteremka mlima wowote.

Sifa za magari haya katika Afrika Mashariki zilijengwa na mashindano. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, kisha mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, ya kwanza mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z. Tangu hapo watu wengi huamini kwamba gari la aina hiyo halifi. Wanaoliiga gari la mashindano huiga taa kubwa za mbele na vibandiko vya milangoni, lakini ni wachache wanaoiga desturi ya timu zenyewe, ambazo hazingoji mpira wa breki upasuke ndipo ziubadilishe.

Jinsi mpira unavyokufa

Mpira wa breki una tabaka tatu. Ndani kuna mrija mwembamba unaopitisha mafuta. Katikati kuna nyuzi zilizosukwa zinazouzuia mrija usivimbe. Nje kuna ganda linalokinga dhidi ya mawe, matope na jua. Macho ya mwanadamu huona ganda tu. Ganda likipasuka nyufa ndogo pale mpira unapokunjwa kidogo, au likivimba mahali pamoja kama shavu, au likilowa mafuta, hukumu ni rahisi: mpira utolewe. Tatizo ni ule ambao ganda lake ni zuri huku mrija wa ndani umevimba au umechanika.

Mrija ukivimba, tundu la kupitisha mafuta huwa dogo kama la sindano. Kipande kilichochanika kwa ndani kinaweza hata kufanya kazi ya valvu ya njia moja. Dereva anapokanyaga, nguvu ya mguu ni kubwa na mafuta hupenya hadi kwenye breki. Anapoachia, hakuna nguvu ya kuyarudisha isipokuwa ule mvuto mdogo wa sili za pistoni, nao haushindi kizuizi. Breki hubaki imeshika. Gurudumu hupata moto, rimu haigusiki, pedi huliwa upande mmoja, na gari huwa zito kana kwamba linavuta trela.

Dalili nyingine huwachanganya hata mafundi. Mpira wa mbele kushoto ukiziba, breki ya kulia hushika kwanza na gari hukimbilia kulia dereva anapokanyaga. Anapoachia, ya kushoto ndiyo inayochelewa kuachia na gari huvutia kushoto. Gari linalovuta pande mbili tofauti kwa namna hiyo mara nyingi hupelekwa kupangiwa magurudumu, fedha zikaliwa, na ugonjwa ukabaki. Pedali iliyo laini kama godoro nayo yaweza kutokana na mipira michovu inayotanuka kila inapopata shinikizo, ingawa mara nyingi zaidi husababishwa na upepo ulioingia kwenye mfumo.

Ipo njia rahisi ya kuthibitisha. Gari huinuliwa, mtu hukanyaga breki na kuachia, mwingine hujaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa limekwama, fundi hulegeza kwanza nati ya bomba la chuma pale linapoungana na mpira. Gurudumu likiwa huru papo hapo, shinikizo lilikuwa limezuiliwa huko juu, na masta silinda ndiyo ya kutazamwa. Lisipokuwa huru, hulegezwa nipeli ya kutolea upepo iliyoko kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likazunguka, basi mpira ndio uliokuwa umeyafungia. Likikwama bado, pistoni ya kalipa imeshikwa na kutu, na kubadilisha mpira peke yake hakutasaidia.

Mipira ndiyo pia njia mojawapo kubwa ya maji kuingia kwenye breki. Mafuta ya kawaida ya breki, yaani DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu hupenya polepole hata kwenye mpira usiovuja. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 4 mpya ni kuchemka kwa nyuzi joto 230 za selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho huwa 155. Yakichemka mlimani hugeuka mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huenda chini ingawa hakuna kilichopasuka. Kwa hiyo anayebadilisha mipira na kurudisha mafuta yaleyale ya zamani amefanya nusu ya kazi.

Kununua

Vipuri vya magari ya zamani hutafutwa Kirinyaga Road jijini Nairobi, na kwa upande wa Dar es Salaam katika eneo la Gerezani. Mnunuzi hukutana na vitu vya aina tatu: mipira mipya ya kiwandani, mipira "mipya" iliyokaa rafuni tangu gari lenyewe lilipokuwa jipya, na ile iliyotolewa kwenye magari yaliyokatwakatwa. Ya tatu isinunuliwe kabisa. Ya pili hudanganya zaidi, kwa sababu imo kwenye boksi lake na ina jina la kampuni iliyoheshimika. Mpira uliokaa boksini miaka 25 ni mpira wa miaka 25.

Mpira unaofuata kanuni za Marekani huwa na maandishi ubavuni: herufi DOT, alama ya mtengenezaji na tarehe ya kutengenezwa. Chini ya kanuni hizo ni lazima uhimili shinikizo la pauni 4,000 kwa inchi ya mraba kwa dakika mbili bila kupasuka. Huwa pia na mistari miwili mirefu, mmoja kila upande. Mistari hiyo husaidia kuonyesha iwapo mpira umefungwa ukiwa umesokotwa. Ikionekana kuzunguka kama kamba, mpira ufunguliwe na kufungwa upya.

Kabla ya kulipa, nyuzi za nati zilinganishwe na za mpira wa zamani. Magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo yana nyuzi za inchi, na ya Ulaya bara na Japani yana za milimita. Nati ya inchi yaweza kuingia kwenye tundu la milimita mizunguko miwili mitatu na kumpa fundi matumaini, kisha ikaharibu zote mbili. Mdomo wa bomba nao hutofautiana: upo uliokunjwa kama faneli na upo ulioumuka kama kitunguu. Usiolingana hauzibi hata ukikazwa kwa nguvu zote. Urefu nao ni muhimu, kwani mpira mfupi kwa sentimita mbili hukazika gurudumu linapoingia shimoni, na mrefu kupita kiasi husugua tairi.

Idadi yake hutegemea gari. Volkswagen Beetle ina minne. Gari lenye ekseli nzima ya nyuma, kama Peugeot 504 ya pikapu, kwa kawaida huwa na mmoja tu wa kwenda nyuma, nao husahaulika kwa sababu umejificha juu ya ekseli. Yote ibadilishwe pamoja. Iliyofungwa siku moja imezeeka pamoja, na kubadilisha wa upande mmoja tu huacha breki za pande mbili zikifanya kazi kwa kasi tofauti.

Baadhi ya wenye magari ya mashindano hupendelea mipira iliyovikwa nyaya za chuma. Haitanuki, na pedali huwa ngumu na ya kuaminika. Hasara yake ni kwamba ganda la chuma huficha ugonjwa wa ndani kuliko mpira wa kawaida, na likigusa bomba au bodi hulila kama msasa. Kwa gari la kwenda kanisani au msikitini na kurudi, mpira bora wa kawaida watosha.

Kazi yenyewe

Siku moja kabla, nati zote hupigwa brashi ya waya na kumwagiwa mafuta ya kulegeza kutu. Katika gari la umri huo, adui mkubwa si mpira, ni nati iliyoshikana na bomba la chuma. Ikigeuzwa kwa nguvu husokota bomba na kulikata, na kazi ya saa mbili hugeuka ya siku mbili. Spana ya kawaida huchubua kona za nati laini. Ipo spana maalumu ya nati za mabomba, inayoikumbatia nati karibu pande zote. Spana ya pili hushikilia mwisho wa mpira usizunguke.

Gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu yasiyoinuliwa hukingwa kwa kabari, na gari hukalishwa juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kulalia chini yake. Chini ya kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki huwekwa karatasi ya plastiki ili mafuta yasivuje yote bomba likifunguliwa. Mafuta hayo ni sumu na hubabua rangi ya gari kwa dakika chache, jambo linalopaswa kumfanya mpenda rangi yake aweke ndoo ya maji karibu.

Kwanza hufunguliwa nati ya bomba la chuma, kisha huchomolewa kibano kinachoushika mpira kwenye bodi, mwisho hufunguliwa upande wa kalipa. Wa kufunga mpya huanza upande wa kalipa, kwa kuwa upande huo lazima mpira wote uzunguke unapokazwa. Palipo na washa za shaba huwekwa mpya. Ya zamani imeshabanwa ikawa ngumu na haitaziba tena. Kisha upande wa bodi huingizwa kwenye mabano yake bila kusokotwa, kibano hurudishwa, na nati ya bomba huanzwa kwa vidole. Isipoingia kwa vidole mizunguko mitatu, imeingia upande.

Zipo tabia mbili za gereji za kukataliwa waziwazi. Ya kwanza ni kuubana mpira kwa koleo ili mafuta yasimwagike. Ya pili ni kuiacha kalipa ining'inie kwa mpira wake wakati pedi zinabadilishwa. Zote mbili huchana tabaka la ndani bila kuacha alama nje. Kalipa ifungwe kwa waya kwenye springi.

Mpira ukishafungwa, usukani huzungushwa hadi mwisho kulia na hadi mwisho kushoto, na gurudumu hushushwa na kupandishwa. Mpira usiguse tairi, rimu wala bomba la moshi, na usikazike popote.

Kisha hutolewa upepo. Mtu mmoja hukaa kwenye pedali, mwingine huwa chini na mrija mwembamba unaoangaza, ncha yake ikiwa imezamishwa kwenye chupa yenye mafuta. "Kanyaga!" Nipeli hufunguliwa, mafuta na mapovu hutoka, nipeli hufungwa. "Achia!" Nipeli lazima ifungwe kabla mguu haujaachia, vinginevyo upepo hurudi ndani. Kwa kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwenye magari ya Kenya, Uganda na Tanzania yenye usukani wa kulia huwa ni la nyuma kushoto. Kwa Burundi, Rwanda na Kongo, kwenye gari la usukani wa kushoto, huwa ni la nyuma kulia. Kitabu cha gari kikiagiza vingine, kifuatwe. Chupa ya mafuta isiachwe ikauke, la sivyo kazi huanza upya.

Kwa gari la kale kuna tahadhari moja zaidi. Pedali isikanyagwe hadi sakafuni. Kwa miaka mingi sili za masta silinda zimekuwa zikitembea sehemu fupi tu ya silinda, na sehemu ya mbele zaidi imeota kutu. Zikisukumwa huko huchanika, na fundi aliyekuja kubadilisha mipira huondoka akiwa ameua masta silinda. Kipande cha ubao chini ya pedali huzuia hilo.

Mafuta mapya yatoke kwenye chupa iliyokuwa haijafunguliwa. DOT 5, yenye asili ya silikoni, isichanganywe na DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini au ya gia yasitiwe hata kijiko, kwani huvimbisha kila mpira na kila sili iliyomo. Citroën DS za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zina mafuta yake ya kijani ya madini na mipira ya aina yake. Maelezo haya hayazihusu.

Kazi ikiisha, pedali hukanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa dakika nzima huku mtu akitazama kila kiungo kwa tochi. Ikizama polepole, kuna panapovuja. Isipozama, gari hujaribiwa uwanjani kwa mwendo wa miguu, kisha barabarani tambarare, na viungo hutazamwa tena baada ya siku chache. Mipira ya zamani hukatwa katikati kwa msumeno kabla ya kutupwa, ili isiokotwe na kuuzwa tena. Mwenye gari anayeangalia tundu la mpira uliokatwa ataona kama mrija wake ulikuwa bado wazi.